Sanduku la Maneno ya Giza

6 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na familia yote isipokuwa paka, natangaza kwamba kile kiti cha sebuleni chenye mguu mfupi kimestaafu. Kimeitumikia nyumba hii tangu wewe hujaota meno. Hakikuwahi kutengenezwa hata siku moja, kwa kuwa mwenye nyumba ni fundi seremala, na mganga hajigangi. Kilianguka Jumapili kikiwa na mgeni juu yake, yule mwalimu mkuu mstaafu, mama wa watu, aliyekuja kuulizia kabati lake. Hakuumia. Alijipangusa tu, akasema, "Fundi, kama viti vyako ndivyo hivi, hilo kabati litanifanya nini?"

Baba akamjibu, "Kabati hulikalii, mwalimu."

Mama ikabidi atoke nje akacheke.

Sisi hatujambo. Wifi yako hajambo, ila ananilalamikia kwamba nakula na mkono wa buluu. Ni bango la duka la dawa; mwenye duka anataka herufi zionekane hata na mtu aliyezimia. Mama goti linamsumbua kukiwa na baridi, kukiwa na joto linamsumbua kwa kukumbuka.

Godoro lako limefika. Lilishuka kwenye lori limefungwa kamba kama mhalifu, na tulipolifungua likavuta pumzi, likavimba, likazidi mlango. Tulilisukuma mpaka chumbani kwa wazee wetu, baba akitoa amri na mimi nikitoa jasho. Mtaa wote ulikuja kuona mshahara wa kwanza wa binti wa fundi. Mama alisimama mlangoni akiwaeleza watu bei, ambayo haijui. Baba aliligonga kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga mbao kuisikiliza, akasema, "Hm." Mama anasema nikuandikie hivi: ni laini kama nini!

Huko kazini wamekupa kiti cha namna gani? Chunguza miguu kabla hujakaa.

Kaka yako,
Brashi


27 Februari

Kaka Brashi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimejiziba mdomo, maana hapa ofisini ukicheka unaulizwa sababu. Poleni kwa msiba wa kiti. Mpe wifi salamu zangu, na goti la mama nalo lipe za kwake.

Sasa nimepewa kazi kamili. Kamusi yetu inatengenezwa kwa kadi. Kila neno la Kiingereza lina kadi yake, na kadi zinakaa kwenye masanduku ya mbao yaliyopangwa ukutani. Mwenzangu wa kulia amepewa sanduku la ndege, anapiga miluzi kutwa. Wa kushoto amepewa vyombo vya jikoni, akifika mchana ana njaa kutushinda wote. Mimi nimepewa sanduku ambalo aliyekuwa nalo aliliacha mezani akaenda zake kuuza viatu. Ni maneno ya mambo yasiyoeleweka.

Kaka, Waingereza wana maneno mengi ya kusema hawajui! Kuna "mystery". Kuna "enigma". Kuna "obscure", jambo lililo gizani. "Cryptic" ni maneno yaliyosemwa kwa kufichaficha. "Arcane" ni elimu ya wachache, wewe na mimi hatumo. "Inscrutable" ni uso usiosomeka. "Unfathomable" ni kina kisicho na mwisho. Nimezipanga kadi zote mezani, zinanitazama kama wakwe.

Mkuu wetu tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu akishasema, imekwisha. Ana sheria mbili. Kwanza, kila neno la Kiingereza lipate neno lake la Kiswahili, peke yake. Hataki uke wenza. Nikiandika "fumbo" kwenye kadi mbili ananirudishia zote mbili. Pili, sentensi ya mfano isitungwe. Iwe imesemwa au imeandikwa kweli na mtu aliye hai, kuhusu jambo la kweli. "Sentensi ya kutunga haina harufu ya mtu," anasema, na ananusa kadi kweli, mimi nimemwona.

Niko kwenye majaribio hadi mwisho wa Juni. Sanduku likikamilika, naajiriwa. Lisipokamilika, narudi nyumbani kukuchanganyia rangi. Wewe una macho na una ulimi. Niandikie sentensi za kweli za mambo usiyoyaelewa. Usilete za siasa; Bwana Nukta anasema hizo kila mtu anazielewa.

Na baba na godoro vipi? Sasa analala vizuri?

Mdogo wako,
Kitinda


19 Machi

Kitinda,

Marahaba. Sisi wazima. Wifi yako anasema, kama kuna watu wanaajiriwa kwa kutoelewa, basi mimi nimepitwa na cheo hivihivi. Paka amezaa ndani ya sanduku la misumari, na mpaka leo hatujui nani alimshauri.

Nimekufanyia utafiti nikiwa juu ya ngazi. Mtu akikuuliza jambo kutoka juu ya ngazi humkatalii, unaogopa ataanguka. Mwenye duka la dawa, nilipomuuliza kuhusu maandishi ya madaktari, alisema, "Hayo wamesomea wenyewe kwa wenyewe, mimi nakisia rangi ya kidonge." Mpe "arcane" hiyo sentensi, Bwana Nukta ainuse. Fundi cherehani alisema suruali aliyoletewa jana ni kizungumkuti: mguu mmoja unakwenda, mwingine unarudi. Jirani yetu mwenye duka, Mzee Masikio, alisema mambo ya serikali hayana kichwa wala miguu, kisha akasema nisiandike.

Kuhusu ndoa za maneno yako, mimi ningeozesha hivi. "Mystery" umpe fumbo. "Enigma" umpe kitendawili, kwa kuwa mwenye kutega anajua jibu na anafurahi wewe ukihangaika. "Unfathomable" umpe maji marefu. "Inscrutable" sina neno, nina uso wa baba.

Maana sentensi zangu za kweli zinatoka humuhumu nyumbani. Nakuandikia kwa herufi za bango usipate tabu:

FUNDI ANA KITANDA KIZURI ALICHOKICHONGA MWENYEWE LAKINI ANALALA KARAKANA. HILO NI FUMBO.

ALIPOULIZWA SABABU ALIJIBU KWA KUFICHAFICHA: "MBAO HAIDANGANYI MTU."

MKEWE ANAJUA SABABU LAKINI UKIMUULIZA ANAKUPA VITUNGUU UMENYE.

Ndiyo, fundi huyo ni baba yetu. Aliondoka chumbani na mto wake kwapani kama mtu anayekwenda benki, akavuka ua, akaingia karakana, akajilaza juu ya benchi la kazi. Tulidhani ni joto. Joto limepita, baba hajarudi. Nilitaka nisikuandikie, lakini umesema sentensi za kweli, na ukweli uliopo hapa ndio huo.

Godoro, mama anasema usiwe na wasiwasi nalo, linatunzwa.

Brashi


1 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Leo sina maneno mengi.

Nilikuomba sentensi, umeniletea moto. Umekaa na jambo hilo ukaliweka katikati ya suruali na paka? Wazee wetu wamegombana? Tangu lini? Ni nini kimesemwa, na nani alianza?

Nimepiga simu dukani kwa Mzee Masikio. Mama alikuja, nikasikia pumzi za watu wawili kwenye simu, yake na ya mwenye duka. Nikamuuliza, "Mama, kuna nini hapo nyumbani?" Akasema mvua imenyesha. Nikamuuliza baba yuko wapi. Akasema mvua imenyesha vizuri. Nikamuuliza kwa mara ya mwisho, akaniambia, "Mwanangu, fanya kazi yako, kula vizuri, na hapa mvua imenyesha." Huyo ni mama aliyetueleza ugomvi wa majirani mpaka na mikono iliyorushwa.

Sentensi zako nimeziandika kwenye kadi, kwa sababu sanduku halinisubiri. Bwana Nukta amezisoma mara mbili. Akasema, "Hizi zina mtu ndani." Sikumwambia mtu huyo ni nani. Nikaenda chooni nikalia, nikarudi kwenye "obscure".

Wameishi chumba kimoja tangu kabla yako, kaka. Hawawezi kuachana sasa hivi, mwaka wangu wa kwanza mbali. Niambie kila unachokiona. Usinifichie, na usinichekeshe.

Kitinda


4 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Umekaa mwezi mzima bila jibu, samahani. Nilipewa ukuta wa ghala, mrefu kama hotuba, na wifi yako alikuwa na homa. Amepona. Anaonyesha kupona kwake kwa kunisema.

Umeniambia nisikuchekeshe, basi nakuandikia kama polisi.

Asubuhi baba anatoka karakana, ananyoosha mgongo, anapiga miayo kama mtu aliyelala usingizi wa kushiba. Anaingia ndani, anakunywa chai na mama. Wanaongea bei ya misumari. Jioni mama anachukua birika na vikombe viwili, anavuka ua, anaingia karakana. Anakaa humo. Nasikia kicheko. Anatoka na vumbi la mbao mgongoni, anapita mbele yangu kwa heshima zake zote, ananiambia, "Wewe huna kazi?" Kisha anakwenda kulala peke yake.

Sasa niambie, watu waliogombana wanachekeana wapi? Na watu wasiogombana wanalala nyumba mbili kwa nini?

Nimemwendea baba. Alikuwa anapiga randa mlango wa lile kabati la mwalimu mkuu, ambalo nadhani litakamilika siku wajukuu wa mwalimu watakapostaafu.

Nikamwambia, "Baba, watoto wako tuna wasiwasi."

"Na nini?"

"Na pale unapolala."

"Panavuja?"

"Hapana, baba."

"Basi." Akapuliza maranda. Nilipokuwa natoka akaniita. "Hili jambo limefika kwa mdogo wako?"

Nikasema limefika. Basi hapo, Kitinda, nikauona uso wake ukibadilika. Si hasira. Ni kama mtu aliyekata ubao ukawa mfupi. Akasema, "Asiambiwe zaidi. Umesikia? Yule asiambiwe."

Nikamwendea mama. Mama akasema, "Muulize baba yako." Nikamwambia nimetoka huko. Akasema, "Basi umeshauliza."

Huko mtaani Mzee Masikio anauza maelezo kuliko anavyouza sukari. Anasema baba ana mke wa pili, na karakana ni ya kumzoesha mama kulala peke yake polepole. Nilimuuliza huyo mke wa pili anaingilia wapi, maana karakana ina mlango mmoja na mimi nimekaa mbele yake nikiwa na ngazi. Akasema, "Hilo ndilo fumbo lenyewe." Unaona neno lako linavyofanya kazi.

Nami nikuambie ukweli: sielewi. Baba amesema usiambiwe, kwa hiyo jambo hili linakuhusu wewe au anadhani litakuumiza. Zaidi ya hapo ni maji marefu.

Brashi


22 Mei

Kaka Brashi,

Shikamoo. Nashukuru wifi amepona.

Nimesoma barua yako mpaka imechanika mkunjoni. "Yule asiambiwe." Mtoto wa mwisho ndiye asiyeambiwa misiba, hilo nalijua, hata bibi alipofariki mliniambia amesafiri. Kwa hiyo nimeshajiambia mwenyewe. Wanaachana, na wanasubiri nimalize majaribio ndipo mnipe habari.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Iko kwenye droo, haijatiwa tarehe. Nilimuuliza Bwana Nukta, kama kwa mfano tu, mtu akiondoka kabla ya mwisho wa Juni inakuwaje. Akasema, "Sanduku linapewa mwingine." Nikamuuliza, na akirudi? Akasema, "Anamkuta mwingine." Nukta.

Sanduku limebaki kadi chache. Nimeipenda kazi hii, kaka, sitakudanganya. Nikipata neno linalokaa sawasawa na mwenzake, nasikia kama droo iliyofunga vizuri. Lakini siwezi kukaa hapa nikipanga majina ya giza wakati lililopo ndani ya nyumba yetu silijui. Nataka nije niwakalishe wote wawili meza moja. Nasubiri neno lako tu. Ukisema njoo, nakuja wiki hiyohiyo.

Kuna jingine, na ninaliogopa. Kurasa za mwanzo zimechapwa kwenye kijitabu cha kuombea maoni, kikapelekwa kwa walimu na walimu wastaafu kila mahali. Kurasa zangu zimo. Nimeandika "fundi", sikuandika "baba". Hakuna atakayejua, au sivyo?

Na tangu Februari nakuuliza godoro, unanijibu kwa maneno ya mama. Je, halikufika salama?

Kitinda


7 Juni

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba, na keti kwanza. Chunguza miguu ya kiti.

Hatujambo. Wifi yako hajambo. Paka hajambo, watoto wake wamegawiwa, mmoja amepewa Mzee Masikio ili apate wa kumsikiliza.

Kabla sijaendelea: toa ile barua kwenye droo, uichane. Sababu inakuja.

Jumamosi alikuja mwalimu mkuu mstaafu. Safari hii hakuulizia kabati. Alikuwa na kijitabu mkononi na kalamu nyekundu sikioni, kama zamani. Kwa kuwa kiti kimestaafu, alisimama. Baba alikuwa anachonga komeo. Mama alikuwepo na birika lake, na mimi nilikuwa mlangoni na ngazi, kwa bahati.

Mwalimu akasema, "Fundi, humu ndani kuna fundi anafanana na wewe." Akasoma kwa sauti ya darasani, neno kwa neno: ana kitanda kizuri alichokichonga mwenyewe lakini analala karakana. Akasoma mbao haidanganyi mtu. Akasoma vitunguu. Mama akaweka birika chini.

Baba akakichukua kijitabu. Akavaa miwani. Akaanza kusoma tangu juu ya ukurasa, polepole, akifuata kwa kidole, kama anavyosoma mchoro wa mteja asiyemwamini. Akamaliza ukurasa, akafungua mwingine. Mwishowe akauliza, "Maneno haya yote ya Kiingereza maana yake hakuna anayejua?"

Mwalimu akasema, "Kwa ujumla, ndiyo."

"Basi wamekosea. Mimi najua. Na huyu anajua," akamwonyesha mama kwa patasi. "Fumbo liko wapi?"

Mama akasema, "Nilikuambia mtoto angeambiwa mapema. Nilikuambia!"

"Ungemwambia wewe."

"Niseme vipi? Kaliweka kwenye lori, kalifunga kwa kamba mwenyewe, mshahara wa kwanza wa maisha yake! Mimi nimwambie nini, baba yako halitaki?"

"Sikusema silitaki. Nalipenda. Linapendeza. Nakwenda kulitazama kila siku."

Ni kweli, Kitinda. Nilikuwa namwona akiingia chumbani mchana, anasimama kidogo, anatoka. Mimi nikaandika moyoni kwamba anaaga.

Nikauliza, "Kumbe ni godoro?"

Mama akanigeukia. "Wewe na hayo macho yako ya juu ya ngazi! Baba yako tangu ujana amelalia ubao na mkeka. Usiku ule wa kwanza alizama. Nilimvuta kwa mkono. Asubuhi hakuweza kufunga viatu. Mwenyewe akasema, mtoto asijue, nitakwenda karakana mpaka mgongo uzoee. Mgongo haujazoea."

"Na wewe, mama?"

"Mimi?" Akamtazama baba, akaangalia chini. "Mimi nalala kama malkia. Ndiyo maana nampelekea chai."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka kalamu ikaanguka. Alipomaliza akasema sentensi zako ni nzuri na ataziacha kama zilivyo, ila kwenye ile ya vitunguu angeongeza koma. Kisha akamuuliza baba, kwa kuwa sasa hana siri ya kulinda, kabati lake vipi. Baba akasema mwezi ujao. Hilo mpe "unfathomable".

Wamekubaliana hivi. Baba anatengeneza kitanda cha pili, cha mbao tupu, kitakaa chumbani kando ya kile cha zamani. Ameshapima. Mama kasema kisizidi kile cha kwake kwa urefu wa kwenda juu, asije akaongea naye kama yuko jukwaani.

Baba alitaka akuandikie mwenyewe. Alishika kalamu, akaangalia karatasi muda mrefu, akanirudishia. Akasema, "Mwambie amalize sanduku lake. Mtu haachi kazi katikati, labda iwe kabati." Halafu akaenda kupiga randa.

Kwa hiyo usije sasa. Njoo Julai, ukiwa umeajiriwa, upumzike. Sebuleni hakuna kiti, lakini mama amesema wewe utalala chumbani naye, juu ya godoro, na baba atarudi benchi lake kwa siku hizo.

Ni laini mno. Leta kamba ya kutokea.

Kaka yako,
Brashi